Gari Langu Lililoogopa Maembe

Desemba iliyopita nilikwenda Ulyankulu kumwona mama, kama nifanyavyo kila mwaka chuo kinapofungwa. Niliendesha mwenyewe gari dogo la mtumba, nililokuwa nimelinunua miezi mitatu kabla na kulifunga king'ora kipya siku chache kabla ya safari. Fundi aliyekifunga alinihakikishia kwamba hata inzi akitua juu ya boneti nitapata habari. Nilicheka, nikamlipa, nikaondoka. Sikujua kwamba alikuwa anasema kweli tupu.

Mama anaishi kandokando ya makazi yaliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi waliotoka Burundi mwaka 1972. Wasomaji wangu wengi hulijua jina la Ulyankulu kwa tumbaku na kwa asali ya misitu ya miyombo. Wachache hukumbuka kwamba, pamoja na Katumba na Mishamo, ni moja ya makazi matatu ambayo watu wake zaidi ya 160,000 walikubaliwa kuwa raia wa Tanzania mwaka 2010, na vyeti vyao vikaanza kutolewa mwaka 2014. Nalitaja jambo hili mapema kwa sababu jirani wa mama ni mmoja wao, na kisa hiki ni chake kuliko kilivyo changu.

Uani kwa mama kuna mwembe mkubwa. Kivuli chake ndicho pekee kinachotosha gari, nami nikaegesha hapo bila kufikiri mara mbili. Desemba, kila Mnyamwezi anajua, ni msimu wa maembe.

Usiku wa kwanza, yapata saa saba, embe moja lilidondoka juu ya paa la gari. King'ora kililia kwa sauti ambayo kijiji kile hakijawahi kuisikia. Nilipotoka nje nikiwa na tochi, uani mlikuwa na watu wapatao kumi na wawili, wenye fimbo, mapanga na tochi zao, wakimtafuta mwizi.

Msomaji wa mjini huenda akashangaa. Mjini king'ora cha gari kikilia, watu hugeukia upande wa pili wa kitanda. Lakini katika nchi ya Wanyamwezi na Wasukuma kelele za usiku zina sheria yake. Yowe la kuomba msaada, mwano, halisikilizwi tu, huitikiwa. Mwenye nguvu asiyetoka huulizwa kesho yake, na anaweza kutozwa faini. Juu ya desturi hiyo ndipo lilipojengwa jeshi la jadi la sungusungu mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi kimo na vyombo vya dola vikawa mbali, hadi mwaka 1989 Bunge likarekebisha sheria za mgambo ili kulitambua. Watu wale kumi na wawili hawakuja kwa udadisi. Walikuja kwa sababu, kwa kadiri walivyoelewa, walikuwa wameitwa.

Wa kwanza kufika alikuwa yule jirani, mzee wa zaidi ya miaka sabini. Nilipommulika miguuni niliona amevaa viatu vya kamba, na kamba zimefungwa sawasawa.

"Mzee, umevaa viatu saa ngapi?" nikamuuliza.

"Mwalimu," akasema, "tangu 1972 mimi hulala viatu vikiwa karibu na mkono."

Niliomba radhi kwa wote. Walicheka, wakaokota maembe, wakarudi makwao. Asubuhi, kwa kuwa sikuwa na hakika kama lilikuwa embe au mtu, nilinunua kufuli nikalifunga lango la mama, ambalo kwa miaka yote lilifungwa kwa kipande cha waya.

Usiku wa pili ilikuwa radi. Walikuja watano. Usiku wa tatu mbuzi alijikuna kwenye bampa, na akaja yule mzee peke yake. Alisimama nje ya lango lenye kufuli, akanimulika, akauliza kama tuko salama. Nikamwambia maneno ambayo leo ningelipa ili niyarudishe: "Mzee wangu, usijisumbue tena. Likilia ujue ni maembe tu." Akaitikia, akaniaga, akaenda zake.

Usiku wa nne hakuja mtu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshazoea kulala na rimoti chini ya mto. Kikilia, nabonyeza bila kufumbua macho. Nilijisifu moyoni kwamba nimepata ufumbuzi.

Usiku wa tano mvua ilinyesha kama inavyonyesha Tabora ikiamua. Juu ya bati mvua ya namna hiyo hufunika kila sauti ya binadamu. King'ora kililia; nikabonyeza. Kikalia tena baada ya dakika moja; nikabonyeza. Kikalia mara ya tatu. Nikabonyeza, nikageuka, nikalala hadi alfajiri.

"Mwangaluka, mayo," nilimsalimu mama asubuhi. Hakuitikia mara moja. Alikuwa ameketi kibarazani, anatazama lango.

"Mjukuu wa jirani amepelekwa kituo cha afya usiku," akasema. "Degedege. Mzee alikuja kwako."

Nilitembea hadi uani. Juu ya boneti, juu ya paa na chini ya magurudumu palikuwa na maembe. Mengine yalikuwa mabichi, ya aina ambayo haidondoki yenyewe.

Nilimkuta mzee kwenye benchi la kituo cha afya, viatu vyake vimejaa tope hadi vifundoni. Mtoto alikuwa ndani, amewekewa dripu. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda. Alinieleza kwa utaratibu, kama mtu anayetoa taarifa. Alibisha hodi langoni, mvua ikaimeza sauti yake. Namba yangu hakuwa nayo. Mimi, jirani yake wa likizo kwa miaka yote hiyo, sikuwahi kumpa. Simu ya mama ilikuwa imeishiwa chaji. Lango lilikuwa na kufuli. Ndipo akakumbuka gari. Akaokota maembe, akayarusha juu ya ua wa minyaa, mara tatu.

"Nilijua gari lako litakuamsha," akasema. "Kumbe limekufundisha kulala."

Walipata bodaboda. Mtoto wa miaka minne alibebwa katika mvua ile kati ya dereva na babu yake, wakati gari lenye milango minne lilikuwa limeegeshwa hatua arobaini kutoka mlangoni pao. Alipona. Ningependa kuandika kwamba alipona kwa msaada wangu, lakini nilichofanya ni kumrudisha nyumbani siku ya tatu, akiwa ameshapona.

Kuna jambo jingine ambalo mama aliniambia baadaye, nalo nimelifikiria kuliko mengine yote. Yeye alikisikia king'ora. Alisikia pia kilivyonyamaza, akajua kwamba mwanawe ameamka, ametazama na ameona ni salama, naye akalala. Kumbe mtu anayezima kengele bila kutazama hajidanganyi peke yake. Anawaambia na wengine wote kwamba jambo limeshughulikiwa.

Nilikwenda kwa kamanda wa sungusungu nikajishtaki. Nilisema kwamba kwa desturi yetu asiyeitikia mwano hutozwa, nami niko tayari. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akacheka hadi akafuta machozi. "Daktari, aliyepiga mwano ni gari," akasema. "Sheria yetu haina kifungu cha gari." Kisha akaacha kucheka, akaongeza kwamba kijana wake mmoja alimuuliza wiki ile: je, gari likilia tena tutoke au tusitoke? Naye, kamanda, hakuwa na la kumjibu. Hapo nilielewa kwamba sikumkosea mzee yule tu. Nilikuwa nimechezea kitu ambacho kijiji kile kilikijenga kwa miaka mingi bila mshahara wala bajeti: imani kwamba anayepiga kelele usiku ana shida kweli.

Juma lililofuata nilikwenda Tabora mjini kwa fundi umeme wa magari, kijana mwenye maneno machache. Alifungua paneli chini ya usukani akanionyesha kidude cheusi, kidogo kuliko kiberiti. Hicho ndicho sensa ya mtikisiko, si ile ya kuhesabu watu. Kazi yake ni kuhisi mshtuko wa bodi na kuugeuza kuwa umeme mdogo. Umeme ukivuka kiwango kilichowekwa, king'ora hulia. Kiwango chenyewe hupangwa kwa skrubu ndogo ya kuzungushwa kwa bisibisi. Skrubu yangu ilikuwa imezungushwa hadi mwisho.

Aligundua mambo mengine mawili. Swichi ya boneti ilikuwa imejaa vumbi na kutu, hivyo mara kwa mara gari liliamini kwamba boneti limefunguliwa. Na betri ilikuwa imechoka. Usiku nguvu yake iliposhuka, mfumo ulisoma udhaifu wake wenyewe kama shambulio. Naomba msomaji aikumbuke sentensi hiyo ya mwisho.

"Kwa nini aliyefunga aliiacha juu namna hii?" nikauliza.

"Mwalimu, wateja ndivyo wanavyotaka," akanijibu. "Ukimaliza kufunga, mteja anapiga gari kofi. Lisipolia, anasema umemwibia."

Nilikumbuka. Mimi mwenyewe nililipiga gari kofi kabla ya kulipa.

Alilegeza skrubu, akasafisha swichi, akanishauri nibadilishe betri. Kisha akafunga sensa yenye hatua mbili: mguso mdogo hutoa mlio mfupi wa kuonya, na mshtuko mkubwa tu ndio huamsha king'ora chenyewe. Kazi nzima haikuzidi saa mbili. Kwa saa mbili hizo ambazo sikuzitafuta mapema, mtoto alipanda bodaboda akiwa na degedege.

Sote tulisoma shuleni hadithi ya mtoto mchungaji aliyepiga kelele za uongo kwamba mnyama mkali anakula mifugo, hata siku mnyama alipokuja kweli hakuna aliyekwenda. Kwa muda nilidhani kisa changu ni hicho hicho. Sivyo. Mtoto wa hadithi alidanganya, na mwongo tunajua namna ya kumshughulikia. Gari langu halikudanganya hata mara moja. Kila lilipolia liliamini kwa dhati kwamba linashambuliwa. Woga wa kweli ni mgumu kuurekebisha kuliko uongo, kwa sababu unajiona kuwa ni uangalifu.

Wala jambo hili si la vijijini pekee. Mwezi Aprili 2013 chombo kinachotoa ithibati kwa hospitali za Marekani kilitoa tahadhari kuhusu kengele za mashine za wodini. Kati ya Januari 2009 na Juni 2012 kilikuwa kimepokea taarifa za matukio 98 yaliyohusiana na kengele hizo, na 80 kati yake yaliishia kwa vifo. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni kwamba kengele zilikuwa nyingi mno, na nyingi zilikuwa za bure, hata wauguzi wakaacha kuzisikia, wakazipunguza sauti au wakazizima. Watu hao walikuwa wataalamu waliokula kiapo, wakiwa kazini na macho yao wazi. Mimi nilikuwa kitandani.

Ardhi ya Ulyankulu yenyewe ina kumbukumbu inayofaa hapa. Agosti 1871, katika vita vya Waarabu wa Tabora na Mirambo, kikosi kilichoongozwa na Soud bin Sayd kiliishambulia boma ya hapa, mahali ambapo Stanley, aliyekuwa upande wa Waarabu na siku hiyo alikuwa amelazwa na homa, alipaita Wilyankuru. Bunduki zililia, boma ikaingiwa, washindi wakaanza safari ya kurudi wakiwa na pembe za ndovu na mateka. Mirambo alikuwa ametoka na watu wake, akajilaza katika nyasi ndefu kandokando ya njia. Soud na Waarabu wenzake waliuawa hapo, ushindi wao ukiwa bado mabegani mwa wapagazi. Kelele zote zilikuwa langoni. Hatari ilikuwa nyasini, kimya. Nikitembea kati ya nyasi zile jioni hukumbuka kwamba kinachotuangamiza mara nyingi hakigusi boneti.

Sasa niseme lile ambalo wasomaji wa ukurasa huu wameshaanza kulihisi. Nchi nayo ina sensa zake, na skrubu zake, na watu wenye bisibisi mkononi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilitungwa mwaka 2015, ya Huduma za Habari mwaka 2016, na mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka hata mwandishi wa blogu awe na leseni ya kulipia. Sisemi kwamba gari lisiwe na king'ora. Wezi wapo, na uchochezi upo. Nauliza skrubu iko wapi. Dola ambayo haitofautishi embe na jambazi, ambayo inaona katuni, shairi la mwanafunzi na swali la mwandishi kuwa mishtuko ya kiwango kimoja, haijawa salama zaidi kwa kulia mara nyingi. Inawazoesha wananchi kutotoka. Na pengine, kama alivyosema yule fundi, ni betri iliyochoka inayousoma udhaifu wake kama shambulio la adui.

Ndugu zangu watumishi wa umma mnajua skrubu hiyo huzungushwaje. Sijawahi kumsikia ofisa aliyeitwa kujieleza kwa kuona hatari isiyokuwepo. Nimewasikia wengi walioitwa kwa kutoiona iliyokuwepo. Mkuu naye hulipiga gari kofi ili aone kama litalia. Kwa hesabu hiyo, mwenye akili huipandisha skrubu hadi mwisho. Ndiyo maana kila barua hugongwa muhuri wa HARAKA, hata ile ya kununua wino, na ile ya haraka kweli, ya dawa zilizokwisha au daraja lililopasuka, hulala kwenye trei pamoja na nyingine.

Nanyi wanaharakati, ambao mimi ni mmoja wenu siku ninazopata ujasiri, msicheke mapema. Tukiita kila kauli ya kipuuzi ya kiongozi "mwisho wa taifa", siku mtu atakapokamatwa usiku na kupelekwa pasipojulikana tutatumia neno gani? Watu walitoka na fimbo usiku wa kwanza. Walikuwa kumi na wawili. Tuwahesabu leo.

Na mimi, mwalimu. Muhula huu mwanafunzi mmoja alisimama katika ukumbi wa mihadhara akaniambia kwamba takwimu niliyoitumia imepitwa na wakati. Nilihisi darasa zima limenigeukia. Nilimjibu kwa sauti ambayo haikulingana na alichosema, akaketi, na hakuna aliyeuliza swali tena hadi muhula ulipokwisha. Kwa wiki kadhaa nilidhani ukimya ule ni heshima. Takwimu yenyewe nilikwenda kuitazama baadaye. Kijana alikuwa sahihi.

Mwaka huu nitakwenda tena Ulyankulu, Mungu akipenda. Nitaegesha mbali na mwembe, juani. Namba yangu ya simu mzee anayo sasa, nami ninayo yake. Tulipoagana Januari nilimwomba siku nyingine agonge dirisha la chumba ninacholala, asihangaike na gari.

"Na lango?" akaniuliza.

Nilimpa ufunguo mmoja. Aliutazama kidogo, akaurudisha mkononi mwangu, akasema akiwa na mtoto mgonjwa gizani hatakumbuka alikouweka. Alikuwa na haki. Nililiondoa kufuli, nikarudisha kile kipande cha waya cha mama, na lango limefungwa hivyo hadi leo.